Kanzidata za jeni za panya wa maabara zinapokujibu visivyo: dalili, vyanzo na tiba

Kanzidata za jeni za panya wa maabara hukosea mara chache kuliko tunavyozilaumu. Mara nyingi zimejibu kile kilichoandikwa kwenye kisanduku cha utafutaji, huku mwulizaji akiwa na swali jingine kichwani. Ukiuliza "jeni hii ikizimwa panya anakuwaje?", umeshauliza mambo matano kwa pamoja: ni jeni ipi hasa, kwenye toleo gani la jenomu (DNA yote ya panya), kwa panya wa nasaba ipi, kwa aleli ipi (yaani umbo lipi la jeni hiyo), na je, panya huyo ana nakala moja ya aleli hiyo au mbili. Acha moja wazi, utapewa jibu sahihi kabisa linalomhusu panya mwingine.

Nimepanga malalamiko kwa mfuatano ambao kazi huharibikia, kuanzia kuandika jina la jeni hadi kuagiza panya. Nenda moja kwa moja kwenye dalili yako.

Kwanza, nani anatunza nini, kwa sababu kuna watu wanaohangaika siku nzima kwenye mlango usio wao. MGI, inayoendeshwa na The Jackson Laboratory huko Bar Harbor, Maine, ndiyo yenye mamlaka ya majina ya jeni na aleli za panya, na hukusanya fenotaipu (sifa zinazoonekana kwa panya) kutoka kwenye makala zilizochapishwa. Ensembl ya Uingereza na NCBI ya Marekani ndizo za mfuatano wa DNA na mahali jeni ilipo kwenye kromosomu. IMPC ni muungano wa kimataifa ulioanza 2011, unaozima jeni moja baada ya nyingine na kuwapima panya wote kwa utaratibu uleule. IMSR ni katalogi inayokuonyesha panya fulani anapatikana kwenye hazina ipi. Ukitaka fenotaipu usianzie Ensembl, na ukitaka mfuatano wa eksoni (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye RNA iliyokamilika) usiulize IMSR.

Dalili: naandika jina la jeni, inakuja jeni nyingine, au haiji kitu

Chanzo cha kawaida ni jina la zamani. Jeni nyingi za panya zilibatizwa kabla hazijapatikana, kila maabara ikiipa jina la ugonjwa iliokuwa ikiuchunguza. Mfano mzuri ni Slc11a1. Waliokuwa wakishughulika na Leishmania donovani waliliita eneo lake Lsh, wa Salmonella wakaliita Ity, wa chanjo ya kifua kikuu wakaliita Bcg. Baadaye ikabainika wote walikuwa wanaizungukia jeni moja kwenye kromosomu 1, ikaitwa Nramp1, na mwishowe Slc11a1. Ukisoma makala ya miaka ya 1980 ukatafuta "Lsh" bila kujua hayo, unaweza kuishia kwenye jeni nyingine kabisa iliyowahi kutumia herufi hizohizo.

Hali mbaya zaidi ni jina moja linalodaiwa na jeni mbili. "Sca1" kwa watu wa damu na seli shina ni Ly6a, kromosomu 15. Kwa watu wa ubongo ni Atxn1, kromosomu 13, ile inayohusika na ugonjwa wa kupoteza uwiano wa mwendo. Zote mbili zitatokea kwenye matokeo ya MGI, na mwenye haraka atabofya ya juu.

Tiba ni kuacha kutegemea jina. Fungua ukurasa wa jeni kwenye MGI, hakikisha kromosomu na maelezo vinalingana na makala yako, kisha nakili namba ya utambulisho na utumie hiyo popote uendapo. Trp53, kwa mfano, ni MGI:98834, kwa Ensembl ni ENSMUSG00000059552, na kwa NCBI ni 22059. Majina hubadilishwa na kamati, lakini namba ya jeni haigawiwi tena kwa jeni nyingine.

Kagua pia herufi. Alama ya jeni ya panya huanza kwa herufi kubwa na kufuatiwa na ndogo, Trp53. Ya binadamu ni kubwa tupu, TP53, na hapo hata tahajia imetofautiana. Utambulisho wa Ensembl ukianza na ENSG uko kwa binadamu, ukianza na ENSRNOG uko kwa panya mkubwa, Rattus norvegicus, ambaye kurasa zake zinafanana mno na za Mus musculus. Huyo ana kanzidata yake, RGD.

Kuna nyakati jeni haipatikani kwa sababu haipo. Binadamu ana CXCL8, maarufu kama IL-8. Panya hana jeni linganifu nayo. Kazi inayokaribiana na hiyo hufanywa na Cxcl1, Cxcl2 na wenzao. Kabla ya kuandika barua ya malalamiko, fungua jedwali la jeni linganifu kwenye ukurasa wa jeni ya binadamu. Likiwa tupu upande wa panya, umeshapata jibu. Likiwa na jeni tatu upande wa panya kwa moja ya binadamu, usichague moja kwa kubahatisha: taja zote, na useme umechukua ipi kwa sababu gani.

Dalili: nimepeleka orodha ndefu ya jeni, zimerudi pungufu

Angalia zilizokosekana kabla ya kufanya lolote. Kama miongoni mwake kuna "1-Sep" au "2-Mar", mwizi ni Excel. Programu hiyo ilikuwa ikigeuza Sept1 na March1 kuwa tarehe bila kuuliza. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya ya familia hizo, na kwa panya leo utakuta Septin1 na Marchf1. Faili za zamani bado zina majeraha hayo, na utambulisho wa kloni za RIKEN, taasisi ya utafiti ya Japani, huumia kwa namna nyingine: 2310009E13 husomwa kama namba ya kisayansi na kuwa 2.31E+19, na ukishahifadhi faili huwezi kulirudisha jina kutoka kwenye kilichobaki. Matoleo mapya ya Excel yana mpangilio wa kuzima ugeuzaji huo. Mimi hupendelea kuingiza safu ya majina kama maandishi tangu mwanzo, au kutoigusa Excel kabisa hadi hatua ya mwisho.

Kama zimekosekana zote, karibu hakika ni nukta. Faili nyingi za usomaji wa RNA huandika utambulisho wa Ensembl pamoja na namba ya toleo, yaani nukta na tarakimu baada ya utambulisho wenyewe. Jedwali la pili halina nukta hiyo, kwa hiyo hakuna hata mstari mmoja unaolingana. Kata kila kitu kuanzia kwenye nukta, kisha unganisha upya.

Zikikosekana chache zilizotawanyika, ni majina yaliyofutwa au kuunganishwa. Sehemu ya maulizo ya mkupuo ya MGI inakubali orodha nzima na kukuonyesha kama jina ulilotoa ni rasmi, la zamani au kisawe. Pitia kwa macho kila mahali ambapo jina moja limerudisha mistari miwili. Kompyuta haiwezi kukuamulia Sca1 yako ni ipi.

Dalili: eneo nililolisoma kwenye makala, nikilifungua nakuta jeni tofauti

Umefungua toleo jingine la jenomu. Jenomu rejea ya panya imetokana na nasaba ya C57BL/6J; rasimu yake ilichapishwa Desemba 2002, na tangu hapo imekuwa ikisahihishwa. Utakutana zaidi na tatu: mm9 ya mwaka 2007, mm10 ya mwishoni mwa 2011 ambayo pia huitwa GRCm38, na mm39 ya mwaka 2020 ambayo ndiyo GRCm39. Kila toleo lilipoziba mapengo, namba zote zilizofuata kwenye kromosomu zilisogea. Ensembl ilihamia GRCm39 kwenye toleo lake la 103, Februari 2021, na wengi walijikuta wamebadilishiwa namba katikati ya mradi bila kutambua. Ukitaka kubaki GRCm38, tumia kumbukumbu ya toleo la 102 la Novemba 2020, ambayo imehifadhiwa kwa ajili hiyo.

Makala isiposema imetumia toleo gani, tafuta ndani yake jeni unayoifahamu uipime. Trp53 kwenye kromosomu 11 huanza karibu na besi (herufi ya DNA) ya milioni 69.58 kwenye mm10, na karibu na milioni 69.47 kwenye mm39. Tofauti hiyo ya besi laki moja na ushee inatosha kukutupa kwa jirani.

Kuhamisha kutoka toleo moja kwenda jingine, liftOver, zana ya Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz (UCSC), hufanya kazi nzuri, mradi usome na faili la pili inalotoa, lile la maeneo yaliyoshindikana. Mistari iliyohama ukiijumlisha na iliyoshindikana lazima upate idadi uliyoingiza. Watu huchukua faili la kwanza na kusahau kabisa kuwa la pili lipo.

Mawili madogo ya kumalizia hapa. Kosa la besi moja tu, mwanzo wa eneo ukiwa pungufu kwa moja, linatokana na muundo wa BED, ambao huanza kuhesabu kwenye sifuri, wakati GFF na VCF huanza kwenye moja. Na programu ikilalamika kuwa hakuna kromosomu hata moja inayolingana, faili moja limeandika "chr1" na jingine "1", au "chrM" na "MT".

Makala za zamani zaidi zina shida ya aina yake, na hapa mfano uko jirani kwetu. Mwaka 1997 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, Nairobi, na wenzao walichapisha ramani ya maeneo yanayowafanya baadhi ya panya wastahimili Trypanosoma congolense, mojawapo ya vimelea vya nagana vinavyoenezwa na mbung'o. Waliwazalisha C57BL/6, ambao huishi muda mrefu zaidi baada ya kuambukizwa, pamoja na A/J na BALB/c, ambao hufa mapema. Maeneo matatu yalijitokeza: Tir1 kwenye kromosomu 17, Tir2 kwenye kromosomu 5 na Tir3 kwenye kromosomu 1. Mwanafunzi wa leo akiandika "Tir1" kwenye Ensembl kama jeni ya panya, hatafika popote. MGI inayo. Sababu ni kwamba Tir1 ni eneo la kromosomu lililoonekana kuambatana na tabia fulani, na eneo kama hilo linaweza kubeba jeni nyingi. Ensembl hutunza jeni zenye mfuatano.

Mipaka ya maeneo ya namna hiyo imeandikwa kwa sentimogani (kipimo cha umbali kinachotokana na mara ngapi vipande vya kromosomu hubadilishana), au kwa alama za DNA zenye majina kama D17Mit na namba yake: D ni kipande cha DNA, 17 ni kromosomu, Mit ni maabara iliyoitengeneza. Usizidishe sentimogani kwa milioni mbili ukadhani umepata besi. Kwa wastani wa jenomu nzima hesabu hiyo haiko mbali, ila ubadilishanaji wa vipande vya kromosomu haujatawanyika sawasawa, na eneo moja moja linaweza kukuhadaa vibaya. Tafuta alama za mipakani kwenye MGI, chukua mahali zilipo kwa besi kwenye toleo la sasa, kisha toa orodha ya jeni zilizo kati yake.

Dalili: panya wangu hafanani na wa kwenye kanzidata

Hapa ndipo ninapowaomba watu wapunguze mwendo, maana kosa la nasaba halitoi ujumbe wowote wa hitilafu. Kila kitu kinafanya kazi, namba zinatoka, grafu zinachorwa, na hitimisho ni bovu.

"Black 6" si panya mmoja. Mwaka 1951 kizazi cha C57BL/6 kilitoka Jackson kwenda NIH, taasisi za afya za taifa za Marekani, na kuanzia hapo matawi mawili, 6J na 6N, yakaanza kukusanya tofauti kila moja kivyake. Tawi la 6J lilipoteza kipande cha jeni Nnt chenye eksoni tano, jambo linaloathiri utoaji wa insulini na namna mwili unavyoshughulikia sukari. Tawi la 6N limebeba rd8, hitilafu ya jeni Crb1 inayoharibu retina. Sasa fikiria mtu anayechunguza kisukari: panya waliozimwa jeni wametoka kwenye seli za 6N, naye amewalinganisha na 6J aliowakuta kwenye banda la chuo. Tofauti ya sukari atakayoiona huenda haihusiani kabisa na jeni yake. Panya wa IMPC, kwa sehemu kubwa, wametengenezwa kwenye 6N, kwa hiyo wa kulinganishwa nao wawe 6N. Kuna tawi lingine, C57BL/6JOlaHsd, ambalo limepoteza jeni Snca yote, ile ya alfa-sinukleini inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson. Kulitumia kuchunguza Parkinson bila kujua ni kujipalia makaa.

Slc11a1 niliyoitaja juu ina sura ya namna hii pia. C57BL/6 na BALB/c wana badiliko moja la asidi amino, nafasi ya 169, linaloifanya isifanye kazi, na ndiyo maana huelemewa na Leishmania donovani na Salmonella. 129 na A/J wana iliyo nzima. Ukichanganya C57BL/6 na 129 katika jaribio moja la maambukizi, umeshaweka tofauti kubwa kabla hata ya kuanza.

Mkasa wa Casp1 unaeleza hatari hiyo kuliko onyo lolote. Kwa miaka mingi panya waliozimwa Casp1 walionekana kustahimili sumu ya bakteria inayoua kwa mshtuko, na sifa ikapewa Casp1. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba panya hao walikuwa wametengenezwa kwa seli za 129, na nasaba ya 129 ina Casp4 (wengi waliiita Casp11) iliyoharibika tangu zamani. Jeni hizo mbili zimekaa karibu mno kwenye kromosomu 9, hivyo hata ukiwazalisha panya hao tena na tena na C57BL/6 kwa vizazi kumi, kipande cha 129 kinakuja nacho. Kilichowalinda kwa kiasi kikubwa kilikuwa ukosefu wa Casp4.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini fenotaipu yoyote iliyotokana na seli za 129, fungua ramani ya jirani za jeni yako, karibu milioni kadhaa za besi kila upande, kisha tazama tofauti kati ya 129 na C57BL/6 kwenye data za Mouse Genomes Project za Wellcome Sanger Institute. Mradi huo ulichapisha jenomu za nasaba 17 mwaka 2011 na umeendelea kuongeza nyingine. Usishtuke usipoiona safu ya C57BL/6J kwenye faili lao. Hiyo ndiyo rejea yenyewe. Pale ambapo nasaba nyingine haina tofauti, inafanana nayo. Utaiona C57BL/6NJ, na majina yameandikwa kwa mistari ya chini badala ya mikwaju, kama 129S1_SvImJ. Ndiyo sababu utafutaji wa "129S1/SvImJ" ndani ya faili hautoi kitu.

Data hizohizo zinatibu tatizo la praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) zisizoshika. Praima zilizobuniwa kwenye rejea zinaweza kukosa kushika kwa CAST/EiJ au PWK/PhJ, nasaba zilizotokana na panya wa mwituni zenye mamilioni ya tofauti na rejea. Kagua hasa besi za mwisho upande wa 3′.

Dalili: nimeagiza panya aliyezimwa jeni, lakini protini bado ipo

Soma alama ya aleli mpaka herufi ya mwisho. Kwenye aleli za KOMP na EUCOMM, miradi mikubwa ya kuzima jeni za panya, zenye mwisho kama tm1a(EUCOMM)Wtsi, herufi inayofuata namba ndiyo yenye habari. Aleli ya tm1a ina kaseti (kipande cha DNA kilichotengenezwa maabara) iliyopachikwa katikati ya jeni kwa lengo la kuikatisha, lakini seli wakati mwingine huiruka kaseti wakati wa kuunganisha eksoni na kutoa kiasi cha RNA nzima. Ukimpitisha panya wa tm1a kwa Cre, kimeng'enya kinachoondoa DNA iliyo kati ya alama za loxP, unapata tm1b, ambapo eksoni muhimu imeondolewa kweli. Ukimpitisha kwa Flp, kimeng'enya kingine cha aina hiyo chenye alama zake, unapata tm1c, jeni inayofanya kazi kama kawaida ila imezungushiwa loxP, tayari kuzimwa kwenye kiungo unachotaka. Hiyo tm1c ikikutana na Cre inakuwa tm1d.

Na kuna tm1e. Inafanana na tm1a kwa karibu kila kitu isipokuwa imekosa loxP ya upande wa mwisho, hivyo huwezi kamwe kuigeuza kuwa aleli ya kuzimwa kwa masharti. Mtu asiyeitambua herufi hiyo anaweza kupoteza mwaka wa kuzalisha panya.

Aleli zilizotengenezwa kwa CRISPR huandikwa em badala ya tm. Kwa hizo, usiridhike na neno "imefutwa" kwenye muhtasari. Fungua maelezo uone ni besi ngapi zimeondolewa na kutoka eksoni ipi. Kipande kilichoondolewa kikigawanyika kwa tatu, usomaji wa protini haukatiki, na unaweza kubaki na protini fupi inayofanya kazi.

Dalili: kanzidata inasema jeni yangu husababisha kitu ambacho sikioni, au haisemi chochote

Kwenye jedwali la fenotaipu la MGI, kila jenotaipu ina kifupisho. Hm ni nakala mbili za aleli, ht ni moja, cn ni aleli ya masharti, cx ni mchanganyiko unaohusisha zaidi ya jeni moja. Anayeona neno "uvimbe" chini ya jeni yake afuatilie safu hiyo mpaka juu. Mara nyingi ni cx, pamoja na Trp53 au Apc (jeni zinazozuia uvimbe) iliyoharibiwa, na uvimbe huo usingekuwepo bila mwenzake. Nasaba ya panya imeandikwa hapohapo, isome pia. Herufi N humaanisha walipima wakakuta kawaida. Kisanduku kitupu humaanisha hakuna aliyeripoti, na hivyo viwili visichanganywe.

IMPC huonyesha tofauti hiyo waziwazi zaidi: kuna kilichopimwa kikawa na tofauti, kilichopimwa kisiwe nayo, na kisichopimwa. Kizingiti chao ni kikali, p chini ya 0.0001, kwa sababu wanapima mambo mengi kwa jeni nyingi. Kwa kawaida hutumia madume 7 na majike 7 kwa kila aleli. Athari ndogo inaweza isivuke kizingiti hicho na bado ikawa ya kweli. Mimi hupakua namba ghafi na kuzitazama kabla ya kuandika "hakuna athari".

Swali jingine husikika hivi: jeni hii tunajua ni muhimu, mbona ukurasa wake una fenotaipu hafifu tu? Kwa sababu waliopimwa wana nakala moja iliyozimwa. Panya wenye nakala mbili walikufa tumboni. IMPC huiita aleli ya kuua ikiwa hakuna hata mmoja wa nakala mbili kati ya watoto wasiopungua 28 waliopimwa kabla ya kuachishwa ziwa. Katika jeni 1,751 za mwanzo zilizoripotiwa 2016, 410 zilikuwa hivyo, na 198 nyingine zilitoa watoto wachache kuliko inavyotarajiwa. Kwa jeni za aina hiyo, data za watu wazima hutoka kwa wenye nakala moja, na data za viinitete hukaa sehemu yake. Tafuta huko.

Dalili: upakuaji unakatika, au faili linaonekana limeharibika

Intaneti yetu tunaijua. Lakini BioMart, sehemu ya Ensembl ya kupakua data kama jedwali, nayo hukata swali linalochukua muda mrefu, na inaweza kukuachia faili lisilokamilika bila onyo. Ligawe swali kwa kromosomu: panya ana 19 pamoja na X na Y, kwa hiyo ni maswali machache tu. Ukituma swali kwa XML, ongeza completionStamp="1"; mstari wa mwisho usiposema [success], faili halijakamilika.

Kwa mafaili makubwa acha kivinjari, tumia wget -c ili umeme ukirudi uendelee ulipoishia. Kisha yakague kwa gzip -t. Tahadhari moja: mafaili ya CHECKSUMS ya Ensembl yametengenezwa kwa amri ya sum. Ukitumia md5sum hayatalingana kamwe, na utarudia kupakua faili zima ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Dalili: IMSR inaonyesha panya yupo, lakini siwezi kumpata

Tazama safu ya hali. Walio hai ni wachache. Wengi ni viinitete au mbegu za kiume zilizogandishwa, wengine ni seli shina tu ambazo hazijawahi kuwa panya. Kumfufua kutoka kwenye barafu huchukua miezi na gharama zake ni tofauti kabisa na za kununua jozi iliyo hai. IMSR yenyewe haiuzi. Inakupeleka kwenye hazina, na hazina ndiyo inayojua masharti na vibali vya kusafirisha. Uliza huko kabla ya kuandika bajeti.

Ikiwa kanzidata yenyewe ndiyo imekosea

Hutokea. Makala ilisomwa vibaya, aleli mbili ziliunganishwa, mwelekeo wa badiliko uligeuzwa. MGI ina wasimamizi wa data wanaosoma ujumbe wa watumiaji, na Ensembl ina dawati lake la msaada. Andika utambulisho wa jeni na wa aleli, toleo la jenomu, tarehe uliyofungua ukurasa, sentensi ya makala inayopingana na kilichoandikwa, na namba ya PubMed ya makala hiyo. Ujumbe wa "data zenu si sahihi" hauna wa kuufanyia kazi. Wenye mambo hayo matano unaweza kufuatiliwa hata na mtu asiyeijua jeni yako.